Kipande cha flisi juu ya nepi ya kitambaa

Ikiwa unatumia nepi za kitambaa na makalio ya mtoto hukaa yameloa, kata kitambaa chembamba cha flisi (fleece, kitambaa laini chenye manyoya mafupi) katika vipande vidogo kidogo kuliko nepi, kisha utandike kimoja upande unaogusa ngozi. Nyuzi za poliesta zilizofumwa kuwa flisi hazinyonyi maji, hivyo mkojo hupenya kati yake na kuvutwa na pamba iliyo chini, huku ngozi ikibaki karibu kavu. Kingo hazihitaji kushonwa, kwa kuwa flisi haifumuki. Kwa mtoto aliyeanza kula, faida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni usafi: choo kigumu huanguka chooni kwa kukung'uta tu, na mafuta mazito ya kuzuia vipele, ambayo yakiganda kwenye pamba huifanya ishindwe kunyonya, hubaki kwenye kipande hicho. Choo cha majimaji cha mtoto anayenyonya tu hupita, kwa hiyo hapo usitarajie nafuu ya kufua. Mbinu hii hushindwa pia nepi ikishajaa, kwani mtoto akiikalia unyevu hurudi juu. Vilevile ukitumia flisi nene ya makoti au ukisuuzia dawa ya kulainisha nguo, mkojo huweza kuteleza juu na kuvuja pajani. Kabla ya kukata kitambaa chote, kitandike juu ya pamba, mwagia kijiko cha maji na ubonyeze kidogo: yakikaa juu kama matone, tafuta chembamba zaidi.