Jino lililozibwa likiuma na kubadilika rangi: nilichojifunza, nawe fanya mapema

Mimi ni fundi cherehani hapa Usa River, karibu na Arusha, na nimezaliwa Ngarenanyuki. Watu wa Meru wanajua maana yake: meno yetu wengi yana madoa ya kahawia tangu utotoni, kwa sababu ya floridi iliyozidi kwenye maji tuliyokunywa wakati meno yanajengeka ndani ya fizi. Ndiyo maana jino langu la mbele, lililozibwa miaka minne nyuma, lilipoanza kuwa la kijivu sikushtuka. Nilidhani ni yale yale ya nyumbani. Nilichelewa, na sitaki uchelewe wewe.

Floridi hutia madoa meno mengi kwa pamoja, kulia na kushoto. Jino moja likigeuka rangi na majirani zake wako vilevile, shida iko kwenye jino hilo. Simama mlangoni asubuhi, penye mwanga wa jua, ushike kioo uangalie rangi imekaa wapi. Mstari mwembamba wa kahawia kwenye mpaka wa kizibo cheupe unaweza kuwa doa la chai tu, au kizibo kimeachia na uozo unaanza tena chini yake. Daktari ndiye atakayetofautisha. Weusi unaozunguka kizibo cha rangi ya fedha mara nyingi unatokana na madini ya kizibo chenyewe. Lakini jino zima likififia, likawa kijivu au kahawia kutoka ndani, mswaki ukapita bila kubadilisha kitu, huenda kiini, yaani nyama laini yenye mishipa iliyo katikati ya jino, kimekufa. Damu iliyokuwemo ndani yake huoza na kupenya kwenye jino, kama damu ya kidole kilichochomwa sindano inavyoingia kwenye kitambaa cheupe: ukisugua juu, ndani ya nyuzi imeshakaa.

Kwenye maumivu ndipo wengi tunadanganyika. Baada ya kuzibwa, jino kushtuka kwa maji baridi kwa siku chache, hata wiki mbili tatu, ni kawaida, ilimradi linaendelea kupungua. Likiuma kila ukikutanisha meno, kana kwamba limekuwa refu kuliko mengine, rudi kwa aliyekuziba. Kizibo kimezidi kimo; atakung'atisha karatasi ya rangi, aone panapogonga, apasawazishe. Ni kazi ya dakika chache. Maumivu yanayoendelea nusu dakika au zaidi baada ya baridi kuondoka, yanayokuamsha usiku, au yanayochochewa na chai ya moto, hayo usiyavumilie. Kiini kimeumia, na mara nyingi hakirudi.

Yangu yalinitesa wiki tatu, kisha yakaisha yenyewe. Nilimshukuru Mungu nikarudi kwenye cherehani. Miezi kadhaa baadaye kikatokea kijipu kwenye fizi juu ya jino lile, kidogo kama punje ya mtama. Kinapasuka, kinatoa usaha wenye ladha mbaya, kinafunga, kinarudi. Naomba hili ulishike: jino lililouma sana halafu likanyamaza bila matibabu halijapona. Mshipa umekufa, na vijidudu vinaendelea chini, kwenye mfupa wa ncha ya mzizi.

Nilinunua amoksilini duka la dawa mara mbili. Kijipu kilisinyaa, kikarudi. Baadaye daktari alinieleza kwamba kiini kilichokufa hakina tena damu ya kuifikisha dawa ndani ya jino, kwa hiyo chanzo kinabaki palepale. Ukiwa unasubiri siku ya kuonana na daktari, parasetamo kwa kipimo cha kwenye pakiti inasaidia, na kusukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Mafuta ya karafuu yanatuliza kwa muda. Aspirini usisage ukaiweka kwenye fizi, inaunguza.

Andika pia. Mimi nilitumia daftari la vipimo vya wateja: tarehe, nilikuwa nakula nini, moto au baridi, limeuma muda gani. Kwa daktari ukiwa umelala kwenye kiti unasahau yote.

Kituo cha kwanza waliniambia ling'olewe, bila hata kupiga picha ya eksirei. Usikubali haraka hivyo. Omba jino lipimwe kwa baridi na kwa kugongwa, waanze na meno ya jirani ili upate cha kulinganisha, kisha lipigwe picha. Ya kwangu ilionyesha kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi. Matibabu ya mzizi hayafanyiki kila kituo, kwa hiyo uliza kabla ya kupanda daladala, na uliza bei na idadi ya safari. Mimi nilikwenda mara tatu. Walinichoma ganzi, wakatoboa kwa nyuma, wakasafisha mfereji wa mzizi kwa vijisindano vyembamba na dawa, wakaujaza na kuziba. Rangi walinisaidia mwishoni kwa dawa ya kung'arisha inayofungiwa ndani ya jino siku kadhaa. Ya kupaka nje isingetosha. Jino la gego huwa linahitaji kofia baadaye, yaani kifuniko kigumu cha kulivika jino lote, maana hupasuka kirahisi.

Shavu au chini ya taya pakivimba, ukapata homa, mdomo ukagoma kufunguka, au kumeza na kupumua kukawa kwa shida, acha daftari, acha chumvi, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata usiku.

Baada ya mwaka nilirudi kwa picha nyingine, nawe usiiruke, kwa sababu mfupa hujaa polepole na bila picha huwezi kujua. Kivuli changu kilikuwa kimebaki kama alama ya kalamu. Uzi sikati tena kwa meno. Mkasi mdogo nimeufunga kwa utepe kwenye mguu wa cherehani.