Jinsi ya kutambua kama mamlaka ni ya Washington au ya jimbo

Ninapofundisha mfumo wa shirikisho wa Marekani, nawakataza wanafunzi wangu kuanza na swali la nani mkubwa. Anza na Katiba, Ibara ya Kwanza, kifungu cha 8. Hapo zimeorodheshwa kazi za Congress, bunge la taifa: kutengeneza sarafu, kutangaza vita, posta, kuwapa wageni uraia, kusimamia biashara ya nje na ile ya baina ya majimbo. Usipoliona jambo lako humo, soma Marekebisho ya Kumi ya mwaka 1791. Mamlaka ambayo shirikisho halikukabidhiwa, wala majimbo hayakukatazwa, yamebaki kwa majimbo au kwa wananchi. Ndiyo maana leseni ya udereva na cheti cha ndoa hutolewa na jimbo, ilhali pasipoti hutolewa na serikali ya taifa. Kodi hutozwa na pande zote mbili.

Sheria zikigongana, sasa ndipo ufungue Ibara ya Sita: ya shirikisho hushinda, mradi imetungwa ndani ya mamlaka ya Congress. Sharti hilo lina uzito. Mwaka 1995 Mahakama ya Juu ilibatilisha sheria ya shirikisho iliyokataza bunduki karibu na shule, kwa kuwa haikuhusiana na biashara. Lakini mwaka 2005 mahakama hiyohiyo iliamua kwamba shirikisho linaweza kukataza hata bangi inayopandwa nyumbani California kwa tiba, kwa hoja kwamba inagusa soko la nchi nzima. Kesi hizo mbili zisome pamoja. Mpaka wenyewe umepita katikati yake.

Hatua ya mwisho ndiyo wengi huiruka, nami naiona muhimu kuliko zote: fuata fedha. Umri wa kununua pombe huwekwa na majimbo. Mwaka 1984 Congress haikuwaamuru. Ilisema tu kwamba jimbo litakaloruhusu walio chini ya miaka 21 litakatwa sehemu ya fedha za barabara kuu. South Dakota ilikwenda mahakamani, ikashindwa mwaka 1987, na majimbo yote yakafuata. Kwa hiyo ukikuta majimbo yote 50 yana kanuni moja katika jambo lao wenyewe, chunguza kama kuna ruzuku nyuma yake, kisha pima ukubwa wa tishio. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ilisema kwamba kutishia kulinyima jimbo fedha zake zote za Medicaid, bima ya afya ya wenye kipato kidogo, ni kulilazimisha, na Katiba hairuhusu.