Namna ya kukikosoa chama tawala ukiwa na karatasi mkononi

Nafanya biashara ya mahindi hapa Kibaigwa, wilayani Kongwa, na soko likipoa tunabishana siasa hadi sauti zinakauka. Wengi wanakishambulia Chama Cha Mapinduzi kwa hasira tupu: "wezi wale." Kada akiuliza nani kaiba nini na mwaka gani, mtu ananyamaza, na kada anaondoka kifua mbele. Inaniuma, kwa sababu chama hiki kimeshika dola tangu kilipozaliwa tarehe 5 Februari 1977, kina mengi ya kujibu, na sehemu kubwa ya ushahidi imechapishwa na dola yenyewe.

Anza na ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni, Rais anakabidhiwa ripoti mwishoni mwa Machi, na Aprili inawekwa mezani bungeni hapo Dodoma mjini. Baada ya hapo unaipakua bure kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi. Usijitese kuisoma yote. Chukua ile ya serikali za mitaa, utafute jina la halmashauri yako, hasa kwenye viambatisho vya mwisho. Sisi wa mazao kinachotuchoma ni makusanyo ya mashine za POS, zile za kielektroniki za kukusanyia ushuru: ripoti zimerudia kutaja fedha zilizokusanywa lakini hazikupelekwa benki. Ushuru huo tunautoa sisi, na risiti tunapewa. Nakili kiasi, namba ya ukurasa na majibu ya menejimenti. Kisha fungua ripoti ya mwaka uliotangulia, uangalie kama hoja ileile ya ukaguzi ilikuwemo. Mimi hoja iliyojirudia naiona nzito kuliko mabilioni ya mwaka mmoja, maana waliambiwa wakaacha.

Utajibiwa kwamba halmashauri yenu ina hati safi. Usitishike. Hati hiyo inasema hesabu zimeandaliwa kwa kufuata viwango. Haisemi kwamba hakuna aliyekula, wala kwamba zahanati imekamilika. Boma linaweza kuota vichaka ndani ya halmashauri yenye hati safi.

Pili, tenganisha chama na serikali. Karani aliyekuzungusha na faili lako si CCM. Chama kibebe mzigo pale ambapo uamuzi ni wake: ilani, uteuzi wa wagombea, na jinsi wabunge wake wanavyobanwa. Soma ibara ya 71 ya Katiba: mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, ubunge unakwisha. Hapo utaelewa kwa nini mtu anaunga mkono hoja mia kwa mia huku jimbo lake halina maji. Sisi wa Kongwa tuliliona kwa aliyekuwa mbunge wetu. Job Ndugai, akiwa Spika, alihoji hadharani mikopo ya serikali mwishoni mwa 2021. Akaomba radhi, na tarehe 6 Januari 2022 akajiuzulu uspika kwa barua aliyomwandikia Katibu Mkuu wa CCM. Kiongozi wa mhimili mzima anaandika barua ya kuondoka kwa chama! Hilo likosoe hata kama Ndugai mwenyewe hukumpenda.

Ahadi zipime kwa tarehe. Bunge Maalum la Katiba lilipitisha Katiba Inayopendekezwa hapa Dodoma tarehe 2 Oktoba 2014, kura ya maoni ikapangwa 30 Aprili 2015, ikaahirishwa, na haijapigwa. Sentensi hiyo haina tusi hata moja, na sijaona kada aliyeijibu vizuri. Lakini kinachostahili sifa kitaje pia. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ni wa 1973, ukakaa makabatini miongo kadhaa, na kuanzia 2016 serikali ikahama kweli. Ukiyasema yote mawili, hata mwenye kofia ya kijani atakusikiliza.

Ukiandika mtandaoni, bandika picha ya ukurasa wenyewe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu taarifa za uongo, kwa hiyo "nimesikia" iache kijiweni.

Halafu lishushe kijijini. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kufanyika kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Nenda na wenzako watatu wanne, uliza swali moja tu, lenye kiasi na mwaka, na uombe liingizwe kwenye muhtasari. Usipojibiwa, iandikie halmashauri barua kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ambayo inawapa siku 30 za kujibu. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo nyumbani. Nakala ya tatu mpelekee katibu wa chama wa kata, kwa sababu ndiye atakayekuja kukuomba kura.