Namna ya kuufikisha moshi wa magari mbele ya bunge la kaunti: maelezo ya fundi wa pampu, Changamwe

Mimi ni fundi wa pampu na nozeli za dizeli. Gereji yangu iko Changamwe, Mombasa, kando ya barabara inayopandwa na matrela yakitoka bandarini, na kazi hii nimeifanya miaka 26. Nyumbani nina mjukuu wa miaka 6 mwenye pumu. Usiku kifua kikimbana, mamake humkalisha kitako kitandani, humpa dawa yake ya kuvuta, na sisi wengine tunakaa kimya tukihesabu pumzi. Ndiyo sababu naandika haya. Gari linalofuka moshi najua kulitengeneza tangu ujana. Kilichonichukua muda ni kujua vipi kaunti itaweza kulisimamia jambo hili kwa sheria, na hilo ndilo nataka kumwelekeza jirani yeyote wa Changamwe, Jomvu, Likoni, Kisauni, Nyali au Mvita mwenye nia.

Anza kwa kuujua moshi wenyewe. Ukienda kusema tu kwamba magari yanachafua hewa, utajibiwa kwa maneno ya jumla kama uliyokwenda nayo. Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kuichoma. Huenda filta ya hewa imeziba, nozeli zimechakaa zikawa zinatiririsha badala ya kunyunyiza, au pampu imefunguliwa makusudi itoe dizeli zaidi ili lori lipande mlima na mzigo uliozidi. Hili la mwisho nimeombwa mara nyingi: "Fundi, niongezee kidogo." Zamani niliongeza. Siku hizi namtolea dereva filta yake kwanza nimwonyeshe, na mara nyingi nguvu aliyokuwa akiitafuta kwenye pampu inarudi filta ikibadilishwa. Moshi wa buluu ni oili inayoungua: ringi zimeisha, sili za valvu zimekauka, au turbo inavuja. Moshi mweupe asubuhi, injini ikiwa baridi, si ajabu. Ukiendelea baada ya injini kupata moto, basi dizeli haiungui sawasawa, au maji yanapita kwenye gasketi ya silinda hedi.

Kila rangi ina tiba yake, na tiba nyingi ni nafuu kuliko injini mpya. Liseme hili kila unakokwenda, kwa sababu wenye magari wanaogopa kwamba sheria inakuja kuwaondoa barabarani.

Ujue pia kwamba sheria huwa inafanya kazi. Petroli yenye madini ya risasi iliondolewa Kenya mwaka 2006. Tangu Januari 2015 dizeli inayouzwa nchini inatakiwa isizidi sehemu 50 za salfa kwa milioni. Na mimi mwenyewe nimeliona kwenye meza yangu ya kazi: nilikuwa nikiletewa pampu zilizolika kwa mafuta ya taa yaliyochanganywa na dizeli, maana mafuta ya taa hayalainishi chuma kama dizeli. Septemba 2018 serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, bei zikasogeleana, na mchanganyaji akakosa faida. Hakuna aliyekwenda kumsihi aache.

Sasa jambo la pili, ambalo sisi tulilikosea. Wazee wa mtaa wetu tuliandika barua ya kurasa 2 tukidai magari yote ya zamani yapigwe marufuku. Tukaipeleka afisi moja, ikarudi na mistari 3: hilo haliko chini yetu. Tulikasirika, lakini jibu lilikuwa sahihi. Umri wa gari linaloingizwa nchini unasimamiwa na kiwango cha taifa, KS 1515, kinachozuia gari lililozidi miaka 8. Ukaguzi wa magari ni kazi ya NTSA, mamlaka ya taifa ya usafiri na usalama barabarani. Kanuni za taifa za ubora wa hewa ziko chini ya sheria ya mazingira inayosimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Ukiiomba kaunti ibadilishe hayo, unamgongea mlango mtu asiye na ufunguo.

Kaunti ina funguo zake. Fungua Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, Sehemu ya Pili. Utakuta kaunti zimepewa udhibiti wa uchafuzi wa hewa, na pia usafiri wa kaunti: barabara za kaunti, trafiki na maegesho, na usafiri wa umma wa barabarani. Mistari hiyo inakili kwa mkono wako, uikunje, uitie mfukoni. Mtu akikwambia moshi si kazi ya kaunti, mwonyeshe.

Kwa hiyo sisi tukaandika upya tukiomba mambo 3. La kwanza, sheria ya kaunti kuhusu steji: Sacco ya matatu isipewe nafasi ya steji bila vyeti halali vya ukaguzi vya magari yake, na gari linalosubiri abiria lizime injini. Pita Mwembe Tayari saa za jioni uone matatu ngapi zinanguruma hazijabeba mtu, na wauza matunda wako nyuma ya ekzosi. La pili, magari ya kaunti yenyewe, ya taka, ya wagonjwa na ya zimamoto, yapimwe moshi kila mwaka na matokeo yabandikwe hadharani. La tatu ndilo watu hulidharau: bunge la kaunti lipitishe hoja ya kuunga mkono sheria na kanuni za taifa za kupunguza moshi wa magari, na kaunti itoe maoni yake rasmi kila kanuni mpya zinapoandaliwa. Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013 inamtaka anayetunga kanuni awashauri wale zitakaowagusa. Kaunti yenye bandari na malori kama haya ikinyamaza siku hiyo, nani atasema badala yetu?

Nalisisitiza hili la tatu kwa sababu sheria za magari hupingwa na wenye nguvu. Jimbo la California, Marekani, lilipitisha sheria yake ya gesi za magari mwaka 2002, mswada ulioletwa na mbunge wa jimbo hilo, Fran Pavley. Watengenezaji magari wakaenda mahakamani kuipinga, serikali kuu ya Marekani ikainyima kibali, na kibali hicho kikatoka mwaka 2009. Miaka 7. Sheria inayongoja muda huo wote inahitaji serikali za chini zinazosimama nyuma yake na kusema bado tunaitaka.

Tatu, hesabuni. Hakuna haja ya mashine. Jimbo la New South Wales, Australia, lina kanuni ambayo mtu yeyote anaweza kuishika: gari likitoa moshi unaoonekana kwa zaidi ya sekunde 10 mfululizo, ni kosa. Tumeiazima hiyo kama kipimo chetu. Watu 2 wanasimama sehemu moja saa nzima asubuhi na saa nzima jioni, siku 5 za kazi. Mmoja anahesabu magari yote yanayopita. Wa pili anaandika yale yaliyofuka moshi kwa zaidi ya sekunde 10: aina ya gari, rangi ya moshi, saa. Chagueni mahali penye mlima au pa kung'oka kutoka kusimama, maana hapo ndipo injini hukaza na ukweli hutoka. Hesabuni wakati wa kusi na mrudie wakati wa kaskazi, kwa kuwa nyumba zinazopokea moshi hubadilika upepo ukigeuka. Nambari za magari ziandikeni kwenye daftari lenu, lakini msizitie kwenye ombi. Mkianza kutaja gari la fulani, kikao kizima kitakuwa cha fulani.

Kwenye hesabu hiyo ongezeni mambo 2 ya afya, yasizidi. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza, la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Na mwaka 2021 WHO ilishusha kipimo chake cha vumbi laini, lile la mikromita 2.5 kwenda chini, hadi mikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo kwa wastani wa mwaka. Vumbi hilo ni dogo mno kuliko unene wa unywele, ndiyo maana hushuka hadi ndani kabisa ya pafu.

Ombi lenyewe liandikeni kwa Kiswahili bila wasiwasi. Ni lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba. Haki ya kupeleka ombi bunge la kaunti iko katika kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Mwelekezeni karani wa bunge. Elezeni tatizo, kisha mseme mlishakwenda wapi mkajibiwa nini, na kama jambo liko mahakamani au haliko. Ile barua yetu iliyorudishwa tuliiambatisha hapa, ikawa na faida. Malizieni kwa maombi yaliyo wazi. Letu linasomeka hivi: "Kwa hiyo sisi waombaji tunaliomba bunge la kaunti litunge sheria ya kudhibiti moshi kwenye steji, liagize magari ya kaunti yapimwe kila mwaka, na lipitishe hoja ya kuunga mkono kanuni za taifa za kupunguza moshi wa magari." Kila anayetia sahihi aandike jina kamili, anwani na nambari ya kitambulisho, asiyejua kuandika atie kidole gumba. Andikeni kichwa cha ombi juu ya kila ukurasa wa sahihi, ili asije mtu akasema watu walitia sahihi karatasi tupu. Msifute wala kukwangua. Mkikosea, andikeni karatasi nyingine.

Ombi moja kwa karani halitoshi. Nakala mpeni mwakilishi wenu wa wadi mkononi, mketi naye, kwa kuwa yeye ndiye anayeweza kusimama na hoja. Mpeni hoja iliyokwisha kuandikwa, nusu ukurasa, ya kusomwa. Mtu mwenye mambo mengi huchukua kilicho tayari.

Kisha angalieni kalenda. Kupima magari ni pesa, na pesa zina majira. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafika bungeni kabla ya Septemba 1. Waraka wa mkakati wa fedha unafika kabla ya Februari 28. Makadirio ya bajeti, kabla ya Aprili 30. Ukifika Juni ukiomba mashine ya kupimia moshi, umechelewa mwaka mzima. Sisi tunalenga vikao vya maoni ya wananchi vya Februari. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti litushirikishe, basi twendeni tukiwa wengi na tukiwa na karatasi ileile moja.

Kabla ya yote hayo, zungumzeni na madereva na wenye matatu. Nawasihi sana kwenye hili. Dereva wa trela ndiye anayeuvuta moshi huo siku nzima kuliko mimi na wewe, na makanga wa Likoni ana watoto wenye vifua kama vya wetu. Nilipowaita gerejini nikawafungulia filta mbele yao, walioanza wakinuna waliishia kuuliza bei, maana moshi mweusi ni mafuta waliyoyalipia yakitoka kwenye ekzosi. Wanne wametia sahihi. Sahihi ya dereva ina uzito kuliko zangu kumi.

Na bunge likikaa kimya? Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kudai haki ya mazingira safi bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi ameumia. Watu wa Owino Uhuru, hapa hapa kwetu, waliusimamisha ushahidi wao wa sumu ya risasi hadi mahakama ya Mombasa ikawapa ushindi mwaka 2020, na Mahakama ya Juu ikaurejesha ushindi huo Desemba 2024. Njia hiyo ni ndefu na ya machungu. Ijueni, lakini msianze nayo.

Siku ya kuitwa mbele ya kamati, msemaji awe mmoja na asizidi dakika 10. Mimi nimetayarisha karatasi 2 nyeupe. Kwenye ya kwanza nimepulizia dizeli kwa nozeli nzima, imeacha ukungu mwembamba ulioenea sawa. Kwenye ya pili, kwa nozeli iliyochakaa: matone, na doa moja kubwa katikati. Nitabeba pia filta ya hewa niliyoitoa kwenye lori, nimeifunga kwenye gazeti. Nitaifungua mezani, nimpe mwenyekiti aishike, naye aipitishe kwa wenzake. Kitambaa cha kufutia mikono nitakuja nacho, kiwe cheupe, na wakimaliza nitakiacha pale pale juu ya meza yao.