Saratani ya utumbo mpana: uliza kwanza uvimbe uko upande gani

Kwa wenzetu wa vituo vya afya vya Bukavu wanaompokea mgonjwa wa kwanza.

Hatua ya 1: gawa pande. Kulia ni sekamu (mwanzo wa utumbo mpana), koloni (utumbo mpana wenyewe) inayopanda na theluthi mbili za mwanzo za koloni inayokingama. Kushoto ni sehemu inayobaki hadi sigmoidi, kipande cha mwisho kabla ya rektamu. Rektamu, yaani utumbo wa mwisho karibu na njia ya haja kubwa, ihesabiwe peke yake, matibabu yake ni mengine.

Hatua ya 2: soma dalili. Kulia njia ni pana na choo bado ni majimaji, kwa hiyo uvimbe hukua bila kuziba. Huvuja damu kidogo kidogo isiyoonekana kwa macho. Mgonjwa anakuja amechoka, viganja vimepauka. Hapa ndipo tunapopoteza watu: anapewa dawa ya minyoo na vidonge vya chuma, pengine anaongezewa damu, anarudi nyumbani. Mwanaume mzima, au mama aliyekoma hedhi, hemoglobini yake ikishuka tena baada ya matibabu hayo, mlaze chali, akunje magoti, kisha papasa ubavu wa kulia chini kwa kiganja kilichonyooka. Uvimbe mgumu pale unaweza pia kuwa kifua kikuu cha tumbo au amiba, basi usikate neno kwa mkono tu.

Kushoto njia ni nyembamba na choo kigumu. Kuharisha hupishana na kufunga choo, choo huwa chembamba kama kalamu, damu huonekana. Damu ikirudi baada ya kozi kamili ya metronidazoli (dawa ya amiba), usiandike kozi nyingine: vaa glavu, pima rektamu kwa kidole. Tumbo likijaa na hewa haipiti, apelekwe kwa mpasuaji siku hiyo hiyo.

Hatua ya 3: kolonoskopi (kipimo cha kamera ndani ya utumbo mpana) ifike sekamu. Ikiishia sigmoidi, upande wa kulia haujaonekana.

Hatua ya 4: pima matarajio. Saratani ikishasambaa, mwenye uvimbe wa kulia kwa wastani huishi muda mfupi zaidi. Mabadiliko ya jeni ya BRAF, yanayoifanya saratani iwe kali, ni mengi huko, na setuksimabu (dawa inayolenga seli za saratani) husaidia kidogo hata jeni ya RAS ikiwa haijabadilika. Lakini MSI (alama kwamba seli za uvimbe zimeshindwa kurekebisha DNA yao) nayo hupatikana zaidi kulia, na katika daraja la 2, saratani ikiwa haijafika tezi za limfu, ni dalili njema: dawa ya kemotherapia ya fluorourasili peke yake haimwongezei mgonjwa kitu. Msimhukumu mtu kwa upande tu.

Hatua ya 5: linda kipande cha uvimbe kinachokatwa. Vipimo vya BRAF, RAS na MSI vinategemea chupa unayokiwekea. Fomoli (dawa ya kuhifadhi kipande kisioze) 10%, ujazo mara 10 ya kipande. Baada ya upasuaji, maabara ihesabu angalau tezi 12 za limfu. Kwenye lebo usiandike "koloni" tu. Andika "sekamu" au "sigmoidi".