Umekataliwa na vyuo vya meno Marekani? Ya kukagua kabla hujaomba tena

Barua ya kukataliwa na chuo cha meno ni fupi na haisemi kitu. Inakushukuru, inasifu wingi na ubora wa waombaji wa mwaka huo, inakutakia kila la heri. Hata ukiisoma mara kumi hutapata ndani yake sababu ya kweli, na hapo ndipo wengi wanapopoteza mwaka wa pili. Wanajitungia sababu wenyewe, aghalabu ile isiyouma sana, kwamba ushindani ulikuwa mkali, kisha wanatuma faili lilelile na kukaa kusubiri jibu jingine. Kuomba vyuo vya Marekani kunakula pesa na karibu mwaka mzima wa maisha. Kwa hiyo kabla hujaingia tena AADSAS, mfumo wa pamoja wa maombi unaotumiwa na karibu vyuo vyote vya meno nchini humo, kagua kwanza haya yafuatayo. Anza na la kwanza, maana likikosewa hilo, mengine yote ni kazi bure.

La kwanza ni kujua ulikwama wapi. Chukua karatasi, andika kila chuo ulichoomba, na mbele yake andika ulifika hatua gani: hukuitwa kabisa kwenye usaili, uliitwa ukakataliwa, au uliitwa ukawekwa kwenye orodha ya kusubiri. Hayo ni magonjwa matatu na hayatibiwi kwa dawa moja. Aliyeomba vyuo 12 asiitwe hata na kimoja, tatizo lake liko kwenye karatasi: GPA (wastani wa alama zake za chuo), alama za DAT (mtihani wa kujiunga na vyuo vya meno), tarehe aliyotuma, au vyuo alivyochagua. Aliyeitwa na vitano akakosa vyote, karatasi zake zilipita salama. Kilichomwangusha ni mazungumzo yenyewe, na kurudia DAT hakutamfaa kitu. Nalisema hili mapema kwa sababu kila anayekataliwa hukimbilia kurudia mtihani, hata pale ambapo mtihani haukuwa na kasoro.

Aliye kwenye orodha ya kusubiri bado hajakataliwa, na asijihesabu hivyo. Vyuo huanza kutoa nafasi mwezi Desemba. Mtu mmoja mwenye faili zuri anaweza kukubaliwa na vyuo vitatu vinne kwa mpigo, na siku anapochagua kimoja, nafasi nyingine zinarudi mezani. Msogeo huo unaweza kuendelea hadi wiki za mwisho kabla masomo hayajaanza Julai au Agosti. Soma kwanza chuo kinaruhusu nini. Vingine vinapokea barua ya taarifa mpya, vingine vimeandika waziwazi kwamba havitaki kuandikiwa. Kama inaruhusiwa, barua moja inatosha, na iwe na jambo jipya kweli: alama za muhula uliomalizika, kazi uliyoanza kliniki. Kuwaandikia kila wiki kuwakumbusha kwamba upo hakusaidii. Na ukikiambia chuo kwamba ukikubaliwa utakwenda huko tu, kiambie chuo kimoja, si vitatu.

Kwa waliokataliwa kabisa, kuna ofisi ambazo zikiombwa kwa adabu zitakupa maoni juu ya faili lako. Subiri msimu wao wa usaili upite, kisha andika ukiomba dakika chache. Swali lako litakupa jibu la aina yake. Ukiuliza "kwa nini mlinikataa?", mtu wa udahili atajihami na kukurudishia maneno yaleyale ya barua. Ukiuliza "kama ningeomba tena mwakani, mngependa kuona nini kimebadilika?", anafunguka. Atakwambia pengine kwamba alama za kemia zilishuka mwaka wa tatu na hakuna maelezo popote, au kwamba saa zako zote za kutazama kazi zilikuwa kwa daktari mmoja wa kunyoosha meno. Andika anachosema neno kwa neno, usibishane, shukuru, kata simu. Maoni ya ofisi mbili zilizosoma faili lako yana uzito kuliko ya marafiki kumi ambao hawajaliona.

Sasa namba, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo matumaini ya watu wengi yanapokutana na hesabu wasiyoipenda. AADSAS hukokotoa GPA yako upya kwa kanuni zake, na haijali chuo chako kilikufutia alama ya zamani ulipolirudia somo. F ya mwaka wa kwanza na A ya kurudia zinahesabiwa zote mbili. Pili, GPA haipandi haraka. Tuseme una krediti 120 zenye wastani wa 3.1, ukasoma krediti nyingine 30 na kupata A tupu, yaani 4.0. Wastani wako mpya ni 3.28. Mwaka mzima wa A, na hujafika hata 3.3. Lakini itazame GPA ya sayansi peke yake. Kama ndani ya zile 120 ulikuwa na krediti 50 za biolojia, kemia na fizikia zenye wastani wa 2.8, na zile 30 mpya zote ni za sayansi, hiyo inapanda hadi 3.25. Huo ni mwendo unaoonekana, na msomaji wa faili anaona pia kwamba mihula yako ya karibuni si ya mtu yule wa zamani. Fanya hesabu hii kwa namba zako mwenyewe kabla hujalipia kozi yoyote.

Hapo linaibuka suala la kusoma masomo ya ziada ya ngazi ya shahada ya kwanza au kwenda kuchukua shahada ya uzamili. Masomo ya ziada yanaingia kwenye GPA yako ya shahada ya kwanza, polepole kama tulivyoona. Alama za uzamili zinaonyeshwa kando na hazifuti zile za chini. Zipo programu za uzamili zilizobuniwa mahsusi kwa waombaji kama wewe, na nyingine zinakuchanganya darasani na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa udaktari wa meno. Ukifaulu vizuri humo, umewathibitishia kwamba mzigo unauweza. Ukipata B- nyingi, umewathibitishia kinyume chake, tena ukiwa umeshalipa ada kubwa. Binafsi ningemshauri mwenye GPA ya chini sana aanze na kozi nne tano za sayansi za ngazi ya juu, ajipime, ndipo azungumzie uzamili. Kama shahada yako ni ya nje ya Marekani, kuna swali linalotangulia yote haya: vyuo vingi vinataka masomo ya msingi yawe yamesomwa kwenye chuo cha Marekani au Kanada. Huenda ndicho kilichokukwamisha, na GPA haikuhusika kabisa.

DAT nayo, kabla hujairudia, ifungue uisome ndani. Mtihani una sehemu nne. Sayansi ina maswali 100 kwa dakika 90: 40 ya biolojia, 30 ya kemia ya jumla na 30 ya kemia ya kikaboni. Kisha kuna sehemu ya utambuzi wa maumbo yenye maswali 90 kwa saa moja, halafu ufahamu wa kusoma, na hesabu. Tangu Machi 2025 alama zinatolewa kwa kipimo cha 200 hadi 600, badala ya kile cha zamani cha 1 hadi 30, kwa hiyo ushauri wa zamani unaosema "pata 20" huwezi kuuchukua ulivyo. Ukikuta sehemu moja imezama na nyingine ziko sawa, kurudia kuna mantiki, kwa sababu unajua unachokwenda kutengeneza. Maumbo hasa, kukunja karatasi kwa mawazo, kulinganisha pembe, kuhesabu vijitofali, hujengeka kwa mazoezi ya kila siku. Kama zote ziko wastani na hujabadilisha namna ya kusoma, utapata alama za jirani na zile. Kuna muda wa lazima wa kusubiri kati ya mtihani mmoja na unaofuata, na vyuo vitaona kwamba ulishafanya kabla.

Insha mtu huipitia mwisho akiwa amechoka, ilhali ndiyo inayochakaa zaidi. Nafasi ni herufi 4,500 pamoja na nafasi tupu, karibu ukurasa mmoja. Insha nyingi zinaanza na mtoto aliyewekewa vyuma vya meno, akajiona mpya kwenye kioo, akaapa kuwa daktari. Hadithi hiyo ni ya kweli kwa maelfu ya watu, na ndiyo sababu haimsaidii yeyote kati yao. Andika kitu ulichokiona kwa macho yako kliniki: mgonjwa aliyeng'ang'ania mkono wa kiti kabla hata sindano haijatoka, na daktari akaweka vyombo chini akaanza upya kueleza. Hicho hakiwezi kuwa cha mtu mwingine. Usinakili insha ya mwaka jana hata aya moja. Chuo ulichokiomba kinaweza kuwa bado kina ile ya kwanza. Barua za mapendekezo pia hazihami kutoka msimu hadi msimu, kwa hiyo waone walimu wako mapema, na waambie kilichobadilika ili barua nayo ibadilike.

Orodha ya vyuo ni jambo ambalo watu hulipita haraka, nami naona ndilo linaloua maombi mengi yasiyo na ubaya mwingine wowote. Vyuo vya umma hupendelea wakazi wa jimbo lao, na baadhi vina viti vichache sana kwa wa nje. Vyuo vya umma vya Texas vina mfumo wao wa maombi, TMDSAS. Kwa asiye raia wala mkazi wa kudumu mlango ni mwembamba zaidi, maana vyuo kadhaa havipokei kabisa waombaji wa aina hiyo, na ada ya maombi huliwa hivyohivyo. Pitia ukurasa wa udahili wa kila chuo, angalia idadi ya waliotoka nje ya jimbo na waliotoka nje ya nchi mwaka uliopita, na ukikuta sifuri, kifute.

Tarehe nayo. AADSAS hufunguliwa Mei na maombi huanza kutumwa mwanzoni mwa Juni. Vyuo vingi hujaza nafasi za usaili kadiri faili zinavyofika, na kuhakiki transkripti kunachukua wiki kadhaa. Aliyetuma Oktoba, ingawa siku ya mwisho ilikuwa bado, aliingia kwenye foleni ambayo nafasi zake nyingi zimeshagawiwa. Kama hilo ndilo lililokupata na mengine yako yako sawa, tiba yako ni kalenda tu.

Halafu kuna pesa, na safari hii kanuni zimebadilika. Kwa wanaoanza kukopa kuanzia tarehe 1 Julai 2026, mkopo wa serikali uliokuwa ukifidia gharama yote ya masomo ya juu umefungwa, na wanafunzi wa fani kama udaktari wa meno wamewekewa ukomo wa dola 50,000 kwa mwaka na dola 200,000 kwa jumla. Vipo vyuo binafsi ambavyo ada na gharama za maisha kwa mwaka mmoja zinapita dola 100,000. Pengo hilo utalijaza kwa nini? Mwanafunzi wa kigeni hapati mkopo huo hata kidogo. Swali hili liulizwe kabla ya kuomba, kwa sababu akishakubaliwa mtu, ni wachache wenye ujasiri wa kukataa.

Vyuo vingi vitamuuliza anayeomba mara ya pili: umebadilisha nini tangu mara iliyopita? Jaribu kujibu sasa hivi, kwa sentensi tatu. Ukishindwa, pumzika msimu mmoja. Hakuna sheria inayokutaka uombe mwaka unaofuata. Mwaka mmoja wa kazi kama msaidizi wa daktari wa meno utakulipa mshahara, utakuonyesha kazi ilivyo hadi saa kumi na moja jioni, na huenda ukakuonyesha kwamba huitaki. Kujua hivyo mapema si hasara. Ndugu watakaouliza kila sherehe "umefikia wapi?" wape jibu moja fupi ulilolipanga, na mada ibadilike.

Wapo watakaoamua kutorudi, na hao nao wana njia. Usafi na kinga ya meno ni taaluma yenye leseni yake na mafunzo mafupi zaidi. Minnesota ilipitisha mwaka 2009 sheria ya watabibu wa meno wanaoziba na kung'oa baadhi ya meno chini ya usimamizi wa daktari, na majimbo mengine yakafuata. Kuna na wanaofikiria kusomea nchi nyingine kisha warudi. Hapo nenda taratibu: majimbo mengi yanataka shahada ya chuo kilichoidhinishwa na CODA, tume ya kuidhinisha mafunzo ya meno Marekani, ambayo inatambua pia mafunzo ya Kanada yenye idhini ya huko. Aliyesoma kwingine kwa kawaida atalazimika kufanya mtihani wa kitaifa wa INBDE na kurudi darasani miaka miwili au mitatu ndani ya Marekani, kwa nafasi chache na kwa ada kubwa. Kabla hujajiandikisha huko, tafuta jimbo unalotaka kuishi na usome masharti ya bodi yake ya meno.