Namna ya Kuweka Daftari la Moshi Mtaani

Mkazi wa Malindi anayesumbuliwa na moshi wa kiwanda, wa tanuri la chokaa au wa jaa la taka linaloungua usiku, aanze na daftari kabla ya kuandika malalamiko. Barua isemayo tu kwamba watu wanaumia hujibiwa kwa ahadi, lakini yenye tarehe, saa na upepo ni vigumu kuipuuza.

Andika saa moshi ulipoanza na ulipokoma, rangi yake, mahali uliposimama, na hasa upepo ulikotoka. Sisi watu wa pwani tumejaliwa pepo zenye kanuni: kusi huvuma takriban Aprili hadi Septemba, na kaskazi Novemba hadi Machi. Ikiwa vifua hubana wakati wa kusi tu, na chanzo mnachokishuku kiko kusini mwa nyumba zenu, hoja yenu ina uzito. Ikiwa moshi hufika hata kaskazi ikivuma, tafuteni chanzo kingine kabla ya kumshutumu mtu. Upepo wa alfajiri utokao nchi kavu nao uandikwe, kwa sababu huweza kurudisha mtaani moshi uliosukumwa bara mchana. Siku zisizo na moshi wengi huziruka, ilhali ndizo zinazomfanya mkaguzi aziamini zile nyingine.

Picha zipigwe kutoka barabarani, mahali pamoja kila mara, bila kuingia uani mwa mtu.

Pua isifanywe kipimo. Kaboni monoksaidi haina harufu kabisa, na haidrojeni salfaidi, inayonuka kama yai viza, ikizidi huua uwezo wenyewe wa kunusa. Kwa hiyo andikeni pia maumivu ya kichwa, macho kuwasha na pumu kuamka, na mgonjwa amwombe daktari aziandike dalili hizo pamoja na tarehe zake. Sumu ya madini ya risasi, yaliyomo kwenye betri, huthibitishwa kwa kupima damu. Huko Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwadhuru wakazi, mahakama iliamuru mwaka 2020 walipwe shilingi bilioni 1.3.

Daftari likishiba, peleka barua kwa ofisi ya kaunti ya NEMA, mamlaka ya taifa ya kusimamia mazingira, na nakala kwa afisa wa afya ya umma. Ombeni ukaguzi, kisha ombeni leseni ya kiwanda na ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira. Msiione ripoti hiyo kuwa karatasi tu: leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa Lamu ilifutwa Juni 2019 na jopo la kitaifa la rufaa za mazingira, sababu mojawapo ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Nakala mtakayobaki nayo igongwe mhuri wa kupokelewa. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu ombi la nyaraka. Zikipita kimya, ichukueni nakala hiyo mwende nayo kwa Ombudsman, tume inayopokea malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za umma.